Medali ya Kuuza Sura: Kaka, Ukuta Uliuzunguka na Sisi Tulikuwepo

Leo sina stori ya nani kamwacha nani wala nani kanunua gari gani. Leo nina povu, na nimelibana wiki nzima nikidhani litaisha lenyewe. Halijaisha.

Ile picha wote mmeiona. Kaka mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, kifua wazi, tope shavu la kushoto, tope mkono wa kulia, medali kaing'ata kwa meno. Chini yake kaandika kwamba vizuizi vyote 15 kavimaliza, kwamba maumivu ni ya muda tu, na kwamba anayetaka mwili kama ule amcheki kwa namba iliyopo kwenye bio yake apate programu ya siku 21. Komenti zimejaa moto, mioyo na "kaka unatisha".

Mimi nilikuwepo. Namba 387, kundi la pili, tisheti iliyochanika begani. Na nawaambia kwa roho safi kabisa: yule kaka ukuta hakuuruka. Aliuzunguka.

Najua mnachotaka kuandika tayari. "Wivu tu huo." Subirini kwanza nimalize, komenti hazifungwi.

Mimi ni nani? Sio mtu. Nauza viatu vya mtumba Karume, nakaa Tabata, nina miaka 31. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nikipandisha mzigo kutoka barabarani hadi kwenye meza yangu nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Rafiki yangu akanivuta kwenye klabu yao ya jogingi. Mnazijua zile klabu, Jumamosi alfajiri mnakutana nazo barabarani, tisheti sare, wimbo mmoja, mama wa miaka 60 yupo mbele anaongoza. Nilianza kwa kutembea nyuma kabisa. Baada ya miezi minne nikakimbia kilomita 5 bila kusimama. Nikalia. Sijui hata nililia nini.

Kocha wetu ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi, sisi tunamwita Afande. Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye hivi vitu vya mashindano ya mazoezi. Ya kwanza kushiriki yalikuwa ya ndani ya jimu, mtindo ule wa Hyrox ulioanzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Unakimbia kilomita moja, unasukuma mzigo, unakimbia tena kilomita, unavuta kamba, hivyo hivyo mpaka raundi nane zinaisha. Sisi tulifanya toleo la mtaani, tukaburuza tairi la lori badala ya ile mashine ya kusukuma. Nilikuwa wa mwisho. Niliporudi nyumbani nilipanda ngazi kwa mikono. Jumatatu sikwenda kwenye biashara. Na bado nikajiandikisha tena, maana kwa mara ya kwanza maishani nilijua kwa uhakika mwili wangu unaweza nini na hauwezi nini. Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe.

Ndipo nikaja kwenye mbio za vizuizi. Kwa ambao hawazijui: unakimbia, njiani unakuta ukuta wa futi nane, unapanda. Unakuta kamba imening'inia, unapanda ukagonge kengele. Unakuta seng'enge imetandazwa juu ya matope, unatambaa chini yake. Unabeba ndoo ya mchanga, unaning'inia kwenye mabomba kama nyani, unarusha mkuki. Uingereza wamekuwa wakifanya haya tangu 1987, na Marekani yakashika moto kuanzia 2010. Kwenye mbio za Spartan, ile fupi ni kilomita 5 na vizuizi 20, ile ndefu ni kilomita 21 na vizuizi 30. Abu Dhabi waliandaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo jangwani Desemba 2021. Na baada ya Olimpiki ya Paris 2024, ule mchezo wa pentathlon ya kisasa umeondoa farasi na kuweka vizuizi, kwa hiyo Los Angeles 2028 mtaviona kwenye Olimpiki yenyewe. Sio mchezo wa kitoto tena.

Sasa kuna sheria moja ndiyo roho ya mchezo wote. Kizuizi kikikushinda, unalipa. Malipo yaliyozoeleka ni burpee 30. Burpee ni lile zoezi la kuchuchumaa, kurusha miguu nyuma, kifua kugusa chini, kunyanyuka na kuruka. Jina linatokana na Mmarekani mmoja, Royal Burpee, aliyelitunga miaka ya 1930 kama kipimo cha haraka cha uimara wa mtu. Yeye alitaka ufanye chache tu halafu apime mapigo ya moyo. Waandaaji wa mbio wakasema hapana, piga 30, halafu endelea kukimbia.

Na hapo ndipo pana utamu na pana mtego. Mara nyingi hakuna anayekuhesabia. Upo wewe, vumbi, na namba iliyopo kichwani mwako.

Naomba nikiri kitu kabla sijaendelea kumsema mtu. Mbio zangu za kwanza za vizuizi, mkuki ulinishinda. Niliurusha ukaanguka hata nyasi haujafika. Nikaenda kwenye eneo la adhabu, nikaanza kuhesabu. Nilipofika 19 nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Kijana wa kusimamia alikuwa anachezea simu. Nikasimama, nikajifanya natingisha mikono, nikaondoka. Burpee 11 nilizila.

Medali ile ninayo. Ipo kwenye droo, chini ya vitambulisho na risiti. Zile nyingine tatu nimezitundika ukutani, mteja au mgeni akija namwonyesha mpaka anachoka. Ile haijawahi kutoka. Hakuna anayejua zaidi yangu, na sasa nyie. Kwa hiyo sisemi kama malaika. Nasema kama mtu anayeijua ile dakika unapoangalia kushoto na kulia.

Haya, turudi kwenye siku ya tukio. Jumamosi, Februari, nje kidogo ya jiji. Jina la mbio silitaji, waandaaji wenyewe wanajijua. Kiingilio shilingi 70,000. Kwangu mimi hizo ni pea nyingi za viatu, tena ziuzike bila mteja kulilia punguzo. Nilijichanga miezi mitatu. Mazoezi nilifanya miezi sita: kamba pale kwenye mwembe wa Afande, mchanga pale Coco, na Jumapili tunavuka Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi mpaka jasho linaingia machoni.

Tuliambiwa tufike saa 11 na nusu alfajiri, mbio zianze saa 12 na nusu kabla jua halijachachamaa. Mnalijua jua la Dar la Februari. Saa 12 na nusu ikafika, hakuna kitu. Saa moja, hakuna kitu. Mshereheshaji anapiga muziki, anatuambia turukeruke, tupashe misuli. Saa mbili watu wameshapasha misuli mpaka imechoka. Tukauliza kuna nini. Tukajibiwa mgeni maalumu bado yuko njiani.

Mgeni maalumu akashuka saa 3. Na msafara wake: mpiga picha, mpiga picha wa pili wa kumpiga picha mpiga picha, na machawa wanne, mmoja kazi yake kushika mwamvuli. Mbio zikaanza saa 3 na dakika 20. Karibu masaa matatu nyuma ya muda. Watu zaidi ya 400 tulisimamishwa juani kumsubiri mtu mmoja amalize kunyoosha nywele.

Hapo bado sikuwa na hasira. Nilisema basi, ndio Bongo hii, tumezoea.

Yeye alitoka na kundi la kwanza, mimi la pili. Nikamkuta kwenye kizuizi cha nne, ule ukuta wa futi nane. Alishajaribu mara mbili, akashindwa. Na hapo, jamani, hakuna aibu yoyote. Kifua kikubwa sio mabawa, na ule ukuta unawashinda wengi. Kuna mbinu yake, unakimbia, unakanyaga, unavuta, unatupa kisigino juu. Mimi mwenyewe ulinichukua wiki tano. Angesema tu "umenishinda", angepiga zake burpee 30, ningempigia makofi mpaka viganja viwake.

Hakufanya hivyo. Alizunguka ukuta kwa pembeni, akaletewa kreti la soda upande wa pili, akapanda juu yake, akashika ukingo wa ukuta, akakunja uso. Mpiga picha akapiga. Ndiyo ile picha ya pili kwenye posti, ile anayoonekana kama anatua. Kreti limekatwa kwenye fremu. Kwenye seng'enge hakuingia kabisa. Alichota tope kwa kiganja, akajipaka shavuni na mkononi, akamuuliza mpiga picha kama limekaa vizuri. Sichekeshi. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye tope hilo hilo, nywele zimenasa kwenye seng'enge, namsikia.

Burpee? Hata moja.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na naomba msome taratibu. Maji yalikuwa yanasambazwa na bajaji moja. Inapakia katoni mwanzo wa mbio, inapita njia ya vumbi, inashusha vituo vya mbele. Kaka yetu alipofika kizuizi cha 8 akachoka. Akaomba lifti. Bajaji ikashusha katoni pale pale, akapanda yeye, mpiga picha na chawa wa mwamvuli, wakapelekwa hadi kizuizi cha 13. Haya sijayaota. Dereva mwenyewe ndiye aliyenieleza baada ya mbio, akiwa amekasirika kuliko mimi, kwa sababu baadaye lawama za maji zilimwangukia yeye.

Maji ya kituo cha pili yakabaki kizuizi cha 8. Kituo cha pili kilikuwa kizuizi cha 11, pale kwenye ndoo za mchanga. Saa 4 asubuhi imeshapita, jua la utosi, hakuna maji.

Pale ndipo nilipomkuta Namba 412. Binti wa miaka 22 hivi. Ndoo imeanguka, yeye kakaa pembeni yake, anaongea vitu havieleweki. Nikamuuliza jina lake, akanitajia siku. Ngozi ya moto kama sufuria. Afande alishatufundisha: mtu akianza kuchanganyikiwa kwenye joto, usimwambie "jikaze". Kivuli kwanza, mpoze, mlowanishe mwili, mpepee, ita msaada. Maji ya kumlowanisha sina. Nikawasimamisha wenzangu, tukakusanya yaliyobaki kwenye chupa za kiunoni, vifuniko viwili vitatu vya kila mtu, tukamwagia kichwani, shingoni na makwapani. Kaka mmoja akavua tisheti tukawa tunampepea nayo. Mwingine akakimbia kwenda kutafuta watu wa huduma ya kwanza. Aliwakuta wapi? Kwenye mstari wa kumalizia, wote. Pale penye kamera.

Walikuja baada ya dakika kama 25. Yule binti yupo salama, tunashukuru Mungu. Alilazwa siku mbili. Nilimtembelea, nikamletea machungwa. Nikamuuliza mdogo wangu, ulijiandaaje? Akaniambia alinunua ile programu. Ya siku 21. Shilingi 45,000, PDF ya kurasa sita na chai ya kupunguza tumbo ambayo alikuwa anainywa mpaka asubuhi ya mbio. Kwenye PDF hakuna hata mstari mmoja kuhusu joto, wala kuhusu kunywa maji, wala kuhusu kubeba kitu kizito huku unakimbia. Ilikuwa ni mazoezi ya tumbo chumbani. Kaka kasema siku 21 zinatosha, kaka mwenyewe kasema mbio hizi ni nyepesi, twende tukajiachie.

Halafu jioni ile ile, binti yupo na dripu mkononi, akafungua simu akaiona picha. Unajua aliniambia nini? "Dada, yeye ameweza vyote 15. Labda mimi ni mzembe."

Wadau, hapo ndipo nililia mara ya pili kwenye huu mchezo.

Haya, leteni sasa utetezi wenu, maana nimeusoma wote.

Wa kwanza: "Ni burudani tu, amemdhuru nani?" Nimewaambia nani. Lakini hata bila yule binti, jibu lipo. Mwaka 1980, kwenye Boston Marathon, mwanamke mmoja aitwaye Rosie Ruiz alivuka mstari wa kwanza kwa wanawake, akavikwa taji, akapigwa picha. Baadaye ikajulikana kwamba aliingia barabarani karibu na mwisho. Walimnyang'anya ushindi siku nane baadaye, akapewa mwenyewe, Jacqueline Gareau wa Kanada. Lakini fikiria Gareau. Amekimbia kilomita 42 kweli, anafika, taji lipo kichwani kwa mtu mwingine. Ushindi walimrudishia. Ile dakika ya kufika wa kwanza, umati unakushangilia, hawakuweza kumrudishia. Picha ya uongo inakula nafasi ya mtu. Siku ile kuna mama muuza mihogo wa Mbagala, namba za mia mbili, alipita vizuizi vyote 15 bila adhabu hata moja. Vyote. Wangapi mmeona picha yake? Mpiga picha rasmi alikuwa anakimbiza bajaji.

Wa pili: "Anautangaza mchezo." Anautangaza mchezo upi? Huo wa kwake wa kreti la soda? Vijana wetu wa Tandale na Manzese wanaruka kuta tangu wakiwa darasa la pili, tena huku wanafukuzwa. Mchezo huu ukiingia vizuri hapa, wapo watakaofika mbali. Lakini kijana anayeona kwamba medali anapewa aliyepanda bajaji, atajifunza kupanda bajaji. Kutangaza ni kuwaonyesha watu jinsi unavyoshindwa, unavyorudi na unavyoweza. Ile ya kwake ni kiki.

Wa tatu, na huu unaniuma zaidi: "Mtu wa kawaida wewe, unataka kujilinganisha na seleb?" Hapana. Nataka yeye alinganishwe na sheria ile ile. Uzuri wa mbio ni kwamba ukuta hausomi wafuasi. Futi nane ni futi nane kwa muuza mtumba na kwa mwenye milioni mbili za wafuasi. Ni sehemu chache sana mjini hapa mimi na yeye tunapimwa kwa fimbo moja. Benki hatupimwi sawa, mlangoni klabu hatupimwi sawa. Nilikuwa na sehemu moja. Na hiyo nayo wanataka kuniwekea mlango wa VIP.

Sisi ni nchi ya John Stephen Akhwari, jamani. Mexico 1968, marathoni ya Olimpiki, alianguka njiani, goti likaumia, wakamfunga bandeji. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza zaidi ya saa moja kabla. Akhwari akaingia uwanjani giza limeingia, watu wameshaondoka wengi, anachechemea. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, jibu lake mnalijua, kila mtoto wa shule analijua: nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize. Mtu wa mwisho ndiye dunia inayemkumbuka mpaka leo. Na Septemba 2025 pale Tokyo, Alphonce Simbu katuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sekunde 0.03 baada ya kilomita 42! Halafu sisi tunampigia makofi mtu aliyeruka vizuizi vitano akiwa amekaa kwenye siti.

Sasa tusimalizie hasira yote kwake. Yeye hajajipa medali mwenyewe.

Waandaaji, nanyi mnisikie. Kama mbio zimeandikwa saa 12 na nusu, zianze saa 12 na nusu, hata kama anayechelewa ni nani. Mgeni maalumu akute mmeshaondoka, akimbize. Kila kizuizi kiwe na msimamizi asiye na simu mkononi, mwenye daftari, anayehesabu adhabu kwa sauti. Maji yafike kabla ya watu, na chombo cha maji kisibebe mtu isipokuwa mgonjwa. Watu wa huduma ya kwanza wasambazwe njiani, wasirundikwe mwishoni. Huko Marekani, mwaka 2013 kule West Virginia, kijana wa miaka 28 alizama kwenye kizuizi cha maji cha mbio za matope, akafariki. Hawa wenzetu wana hela na vifaa na bado ikatokea. Nyie mna bajaji moja halafu mnaitoa lifti. Na kama mnataka kumpa mtu maarufu zawadi kwa kuja, mpeni tisheti, mpeni maua, mpeni hundi. Medali ya kumaliza apewe aliyemaliza.

Na wadau, sisi wenyewe. Ile programu ya siku 21 inauzwa na laiki zetu. Tunampa mtu moto na mioyo bila kuuliza, halafu mdogo wetu anaona namba zile anaamini. Kabla hujanunua mazoezi ya mtu, muulize maswali ya kijinga tu. Umesomea wapi? Umewafundisha nani, nikaongee nao? Mimi nina pumu, nifanyeje? Kama jibu ni emoji ya msuli, funga pochi yako. Klabu za jogingi zipo kila mtaa, nyingi ni bure au buku mbili za maji. Mwili kuzoea joto peke yake unahitaji wiki moja mpaka mbili za kufanya mazoezi kwenye joto hilo. Kuvuta uzito wako mwenyewe juu ya ukuta ni miezi. Na ukimaliza mazoezi mkojo ukawa na rangi ya soda nyeusi, hiyo sio "mwili kusafishika" kama wanavyowaambia, ni misuli inavunjika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho nakuja kwako kaka, maana najua utaisoma hii, au chawa wako atakusomea. Mimi sikutakii mabaya. Mwaka 1904, Olimpiki ya St. Louis, Mmarekani mmoja, Fred Lorz, alichoka kwenye marathoni akapanda gari maili kama 11, akashuka, akaingia uwanjani anakimbia, akashangiliwa kama bingwa. Wakamgundua, akasema alikuwa anatania. Akafungiwa. Unajua kilichofuata? Wakamsamehe, akarudi kwenye mazoezi, na mwaka 1905 akashinda Boston Marathon kwa miguu yake mwenyewe. Hiyo historia yake ya pili haina gari.

Kwa hiyo njia ipo. Posti moja tu: "Ukuta ulinishinda, bajaji nilipanda, medali nimeirudisha, waliolipia programu nawarudishia hela." Utapoteza wafuasi kidogo. Halafu Jumamosi njoo Coco, saa 12 asubuhi, hatutoi hela, hatupigi picha mpaka tumalize. Afande atakufundisha kutupa kisigino. Wiki tano, labda nne, una mikono mirefu. Ukuta ukiupanda kweli nitakuwa wa kwanza kukomenti moto, na nitakupa viatu pea moja vya kukimbilia, bure, saizi yako naijua, niliiona kwenye kreti.

Na mimi nimeshaanza kwangu. Juzi usiku niliitoa ile medali kwenye droo, nikatoka uani nikapiga burpee 11. Mama mwenye nyumba akafungua dirisha akaniuliza kama nimegombana na mtu. Medali haijapanda ukutani bado. Sijui kama deni la mbio linalipika uani. Nyie mnasemaje, niitundike au ibaki kwenye droo?

Waliokuwepo siku ile, tiririkeni hapo chini, na nyie mlioona bajaji semeni. Team Kaka nanyi karibuni, povu ruksa, matusi hapana. Na kama kuna mtu anamfahamu yule mama muuza mihogo wa Mbagala, mwambieni anitafute. Namtaka hapa wiki ijayo na picha yake.